Foleni Isiyohesabiwa: Askari wa Zamani wa Marekani na Haki ya Kutibiwa kwa Wakati

Sheria inayomwahidi askari wa zamani matibabu na mafao huandikwa kwa lugha ya ukarimu, lakini thamani ya ahadi hiyo hujulikana pale tu anapougua na kuuliza ataonwa lini na daktari, au anapowasilisha dai la fidia na kuuliza litaamuliwa lini. Yaliyotokea Marekani katika kipindi cha zaidi ya miaka kumi iliyopita yanaonyesha kwamba taifa linaweza kuwa na hospitali nyingi, bajeti kubwa na sheria zinazosifika, na bado likawaacha watu waliolipigania wakidhoofika katika foleni, ikiwa muda wa kusubiri utaanza kuhesabiwa pale ofisi inapotaka badala ya pale mgonjwa alipoomba huduma. Makala haya yanachambua ucheleweshaji wa aina tatu uliowakumba askari hao, yaani wa miadi ya hospitali, wa maamuzi ya madai ya fidia, na wa serikali kukubali kwamba maradhi fulani yalitokana na vita, na yanaonyesha kwamba chimbuko la yote matatu ni moja.

Ahadi na milango yake miwili

Ahadi yenyewe ni ya zamani. Rais Abraham Lincoln, alipolihutubia taifa Machi 1865 huku vita vya wenyewe kwa wenyewe vikielekea ukingoni, alitaja wajibu wa kumtunza aliyepigana pamoja na mjane na yatima wake, na wazo hilo likaja kuwa dira ya vyombo vilivyoundwa baadaye. Mwaka 1930 shughuli zilizokuwa zimetawanyika katika ofisi mbalimbali ziliunganishwa chini ya mamlaka moja, na mwaka 1989 mamlaka hiyo ikapandishwa hadhi na kuwa Idara ya Masuala ya Askari wa Zamani, ambayo mkuu wake ni waziri anayeketi katika baraza la mawaziri. Leo Idara hiyo inaendesha hospitali zipatazo 170 pamoja na vituo vya wagonjwa wa nje zaidi ya 1,000, na watu wapatao milioni 9 wamejiandikisha kutibiwa humo, kiasi kwamba hakuna mfumo mwingine wa tiba ulio chini ya uongozi mmoja nchini humo unaolingana nao kwa ukubwa.

Haki ya kuingia katika mfumo huo si ya wale tu waliokaa jeshini kwa miaka 20 na kupata pensheni, kwa kuwa hata aliyetumikia kwa muda mfupi zaidi uliowekwa na sheria, akaondoka bila kufukuzwa kwa fedheha, anaweza kuiomba. Mwombaji hukuta milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa tiba, ambako hujiandikisha na kupangwa katika mojawapo ya makundi manane ya kipaumbele. Mlango wa pili ni wa fidia ya ulemavu, yaani malipo ya kila mwezi yasiyotozwa kodi, anayolipwa mtu ambaye jeraha au maradhi yake yametokana na utumishi jeshini au yamezidishwa nao. Ulemavu huo hupimwa kwa asilimia, kuanzia sifuri hadi 100 kwa hatua za kumi kumi, na asilimia hiyo haiamui kiasi cha fedha peke yake, bali huamua pia mgonjwa ataingia kundi gani la kipaumbele na atachangia kiasi gani cha gharama za matibabu yake. Kwa sababu hiyo, dai linapokwama katika mlango wa mafao, athari yake huonekana haraka katika mlango wa tiba, na askari aliyestahili kutibiwa bure anaweza kujikuta akilipa, au akiahirisha matibabu kwa kuogopa kulipa.

Phoenix: takwimu zilipoficha wagonjwa

Mwaka 2011 Idara ilijiwekea lengo kwamba mgonjwa aonwe ndani ya siku 14 tangu tarehe anayoitaka, na lengo hilo likaingizwa katika vigezo vya kupima utendaji wa wakuu wa hospitali, vigezo ambavyo navyo vilihusishwa na bonasi. Nia ilikuwa njema, lakini lengo lenyewe halikuambatana na uhakika kwamba kila hospitali ilikuwa na madaktari wa kutosha kulifikia, na hapo ndipo ujanja wa makaratasi ulipopata nafasi. Kanuni ilimtaka karani wa miadi amuulize mgonjwa kwanza anataka kuonwa lini, ndipo amtafutie nafasi, na tofauti kati ya tarehe hizo mbili ihesabiwe kuwa muda wa kusubiri. Katika baadhi ya hospitali utaratibu huo uligeuzwa, karani akawa anatafuta kwanza nafasi iliyo wazi, hata ikiwa ni ya miezi mitatu mbele, anamuuliza mgonjwa kama inamfaa, na mgonjwa akishakubali kwa kukosa njia nyingine, tarehe hiyo hiyo inaandikwa kuwa ndiyo aliyoitaka tangu mwanzo. Kwa hesabu hiyo kompyuta ilionyesha kwamba mtu aliyengoja miezi mitatu hakungoja hata siku moja.

Onyo lilitolewa mapema. Desemba 2012 Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali, ambayo ni chombo cha ukaguzi kinachofanya kazi kwa niaba ya Bunge la Marekani, ilieleza katika ripoti yake kwamba takwimu za Idara kuhusu muda wa kusubiri hazikuwa za kuaminika. Hata hivyo, mambo hayakupewa uzito unaostahili hadi Aprili 2014, wakati Daktari Sam Foote, aliyekuwa amestaafu kutoka hospitali ya Idara mjini Phoenix katika jimbo la Arizona, alipojitokeza hadharani na kueleza kwamba hospitali hiyo ilikuwa na orodha ya siri ya wagonjwa wanaosubiri, tofauti na ile iliyopelekwa makao makuu, na kwamba baadhi yao walifariki kabla ya kuonwa.

Mkaguzi Mkuu wa Idara, afisa mwenye mamlaka ya kuichunguza taasisi hiyo kutoka ndani bila kuamriwa na uongozi wake, alitoa ripoti ya awali Mei 2014. Alichukua sampuli ya wagonjwa 226 wa Phoenix ambao, kwa mujibu wa takwimu rasmi, walisubiri wastani wa siku 24 kabla ya miadi yao ya kwanza na daktari wa huduma ya msingi, akakuta kwamba kwa kweli walikuwa wamesubiri wastani wa siku 115. Alikuta pia watu wapatao 1,700 walioomba miadi lakini hawakuwa katika orodha rasmi hata kidogo, na hivyo walikuwa katika hatari ya kusahaulika kabisa. Waziri wa Idara hiyo, Jenerali mstaafu Eric Shinseki, ambaye mwenyewe alijeruhiwa katika vita vya Vietnam, alijiuzulu tarehe 30 Mei 2014. Ukaguzi wa nchi nzima uliotangazwa mwezi uliofuata ulionyesha kwamba tatizo halikuwa la mji mmoja, kwa sababu zaidi ya wagonjwa wapya 57,000 walikuwa wamengoja siku 90 au zaidi bila kuonwa, na wengine karibu 64,000 waliokuwa wamejiandikisha katika kipindi cha miaka kumi hawakuwa wamewahi kupata miadi waliyoiomba.

Haki inadai kusema pia kwamba ripoti ya mwisho ya Mkaguzi Mkuu kuhusu Phoenix, iliyotolewa Agosti 2014, haikuweza kuthibitisha kwa uhakika kwamba ucheleweshaji ndio uliosababisha vifo vya wagonjwa waliokuwa katika orodha hizo. Ugumu wa uthibitisho huo, hata hivyo, hauisafishi Idara, kwa kuwa taasisi iliyopotosha kumbukumbu za muda wa kusubiri iliondoa pia uwezekano wa kujua kwa hakika madhara ya kusubiri huko. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na katika suala hili maradhi yaliyofichwa yalikuwa upungufu wa madaktari, ambao ungeonekana wazi, na kuombewa fedha bungeni, laiti foleni ingehesabiwa kwa ukweli.

Mafaili yaliyolemea sakafu

Wakati foleni ya hospitali ikifichwa, foleni ya madai ya fidia ilikuwa ikionekana kwa macho. Dai la fidia hudai uthibitisho wa mambo matatu, ambayo ni kuwapo kwa maradhi au ulemavu sasa, kuwapo kwa tukio au mazingira fulani wakati wa utumishi, na uhusiano wa kitabibu kati ya hayo mawili. Ili kuyathibitisha, afisa wa mafao hukusanya kumbukumbu za jeshi, vyeti vya hospitali na matokeo ya uchunguzi maalumu wa daktari, na kwa miaka mingi kazi hiyo yote ilifanywa kwa karatasi. Mwaka 2012 Mkaguzi Mkuu aliripoti kwamba katika ofisi ya Winston-Salem, jimbo la North Carolina, makumi ya maelfu ya mafaili yalikuwa yamerundikwa juu ya makabati kiasi kwamba uzito wake ulitishia uimara wa sakafu ya jengo.

Idara huliita dai lililopita siku 125 bila uamuzi kuwa ni dai lililolimbikizwa, na Machi 2013 madai ya namna hiyo yalifikia takriban 611,000. Kuingia kwa mfumo wa kompyuta, pamoja na kazi za ziada walizopewa maafisa, kulishusha idadi hiyo hadi chini ya 100,000 mwaka 2015. Mafanikio hayo yalikuwa ya kweli, ila kipimo cha siku 125 kinamhusu yule tu anayengoja uamuzi wa kwanza, ilhali aliyekataliwa na kukata rufaa aliweza kungoja kwa miaka kadhaa bila kuonekana katika hesabu hiyo. Ndiyo maana Bunge lilipitisha mwaka 2017 sheria ya kurekebisha mfumo wa rufaa, iliyoanza kutumika Februari 2019, ambayo inampa mdai njia tatu za kuchagua, yaani kuwasilisha ushahidi mpya, kuomba afisa mwandamizi apitie upya uamuzi, au kulipeleka shauri mbele ya Bodi ya Rufaa.

Moshi na sumu: mzigo wa kuthibitisha

Ucheleweshaji wa tatu ndio mrefu kuliko yote, kwa sababu haupimwi kwa siku wala miezi, bali kwa miongo. Kati ya mwaka 1962 na 1971 ndege za Marekani zilinyunyiza Vietnam mamilioni ya lita za dawa za kuua mimea, na iliyojulikana zaidi, Agent Orange, ilikuwa imechanganyika na dioksini, sumu inayohusishwa na saratani. Askari walioanza kuugua baada ya kurudi nyumbani walitakiwa kila mmoja athibitishe kwamba alifikiwa na sumu hiyo na kwamba ndiyo iliyomuuguza, jambo lisilowezekana kwa mtu ambaye hakuna aliyeandika alipita wapi na alivuta nini. Ni mwaka 1991 tu ndipo Bunge lilipoweka katika sheria utaratibu wa dhana ya kisheria, yaani kanuni inayosema kwamba aliyetumikia mahali fulani kwa wakati fulani, kisha akapata mojawapo ya maradhi yaliyotajwa, atachukuliwa kuwa ameyapata kutokana na utumishi, bila kudaiwa ushahidi wa uhusiano huo.

Somo hilo halikutosha kuwaepusha na adha ile ile askari waliopelekwa Irak na Afghanistan baada ya mwaka 2001. Katika kambi nyingi za huko taka za kila aina, zikiwamo plastiki, rangi, betri na takataka za hospitali, zilichomwa katika mashimo ya wazi, mara nyingi kwa kuwashwa na mafuta ya ndege, na moshi wake ulivutwa na waliolala na kufanya kazi karibu. Kwa zaidi ya miaka kumi madai mengi yaliyohusu moshi huo yalikataliwa, zaidi ya saba katika kila kumi, kwa hoja kwamba uhusiano wa kitabibu haukuthibitishwa. Mabadiliko yalikuja tarehe 10 Agosti 2022, Rais Joe Biden alipotia saini Sheria ya PACT, iliyobeba jina la Sajini Heath Robinson wa jimbo la Ohio, aliyetumikia Irak na kufariki kwa saratani ya mapafu mwaka 2020. Sheria hiyo iliongeza zaidi ya maradhi 20 katika dhana ya kisheria, lakini hata yenyewe haikupita bila mvutano, kwa kuwa Seneti iliikwamisha mwishoni mwa Julai 2022 na kuipitisha tarehe 2 Agosti kwa kura 86 dhidi ya 11, baada ya askari wa zamani na familia zao kukesha kwa siku kadhaa kwenye ngazi za jengo la Bunge.

Hadi Mei 2024 Idara ilikuwa imeidhinisha zaidi ya madai milioni moja chini ya sheria hiyo. Wingi huo ulirejesha mlimbikizo wa madai, ambao ulipanda tena kupita 300,000, lakini kupanda huko kuna maana tofauti na kule kwa 2013, kwa sababu madai hayo mengi ni ya watu waliokuwa wakingoja siku zote nje ya mlango, ambao sasa wameruhusiwa kuingia na kuhesabiwa.

Hospitali binafsi, kompyuta na wafanyakazi

Jibu la kwanza la Bunge kwa kashfa ya Phoenix lilikuwa sheria ya Agosti 2014, yenye thamani ya takriban dola bilioni 16, iliyomruhusu askari wa zamani kutibiwa hospitali binafsi kwa gharama ya serikali ikiwa angelazimika kusubiri zaidi ya siku 30 au anaishi zaidi ya maili 40 kutoka kituo cha Idara. Sheria nyingine ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 2019, ilibadilisha vigezo hivyo na kuweka ukomo wa siku 20 kwa huduma ya msingi na afya ya akili na siku 28 kwa madaktari bingwa, pamoja na ukomo wa muda wa kusafiri. Kwa wakazi wa vijijini na kwa wenye maradhi ambayo hospitali ya karibu haina bingwa wake, mpango huo umekuwa msaada mkubwa.

Hata hivyo, kumpeleka mgonjwa nje si sawa na kumtibu mapema. Juni 2018 Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali ilionyesha kwamba, kwa kufuata hatua zote zilizoruhusiwa za kuandika rufaa ya matibabu, kuipitisha na kutafuta daktari, mgonjwa aliyepewa ahadi ya siku 30 angeweza kungoja hadi siku 70, kwa kuwa siku za kuandaa makaratasi hazikuhesabiwa. Utafiti uliochapishwa Januari 2019, uliolinganisha miji mikubwa kadhaa, ulikuta kwamba kufikia mwaka 2017 muda wa kungoja katika hospitali za Idara ulikuwa mfupi kuliko wa hospitali binafsi katika huduma nyingi zilizopimwa, isipokuwa tiba ya mifupa. Ni vigumu basi kudai kwamba dawa ya foleni ni kuihamisha kutoka jengo moja kwenda jingine.

Teknolojia nayo imethibitisha hoja hiyo hiyo. Mfumo mpya wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Oktoba 2020 katika hospitali ya Spokane, jimbo la Washington, ulipeleka zaidi ya maagizo 11,000 ya madaktari katika sehemu ya kompyuta ambayo hakuna mhudumu aliyearifiwa kuwapo kwake, na Mkaguzi Mkuu alieleza mwaka 2022 kwamba baadhi ya wagonjwa walidhurika kutokana na hali hiyo. Idara ilisimamisha uenezaji wa mfumo huo Aprili 2023. Ama kuhusu wafanyakazi, mwaka 2025 uongozi wa Idara ulipanga kwanza kupunguza takriban nafasi 80,000, kisha Julai ukatangaza kwamba zingepungua karibu 30,000 kwa njia ya kustaafu, kujiuzulu na kutojaza nafasi zilizo wazi. Taasisi iliyowahi kuficha upungufu wa watumishi wake ina wajibu mkubwa kuliko nyingine yoyote wa kuonyesha hadharani, hospitali kwa hospitali, jinsi upungufu mpya unavyogusa muda wa mgonjwa kuonwa.

Wazungumzaji wa Kiswahili na siku ya kuanza kuhesabu

Mambo haya hayako mbali na jamii za wazungumzaji wa Kiswahili. Jeshi la Marekani huandikisha wahamiaji, wakiwamo waliotoka Afrika Mashariki na Kongo, na mpango maalumu ulioidhinishwa mwishoni mwa 2008 na kusimamishwa mwaka 2016 uliwafungulia nafasi wageni wenye ujuzi wa tiba au wa lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Anayemaliza utumishi wake ana haki zile zile za tiba na mafao kama mzaliwa wa nchi hiyo, lakini mara nyingi hana mzazi wala jirani aliyewahi kupita njia hiyo ambaye angemwelekeza.

Kwa mtu kama huyo, kanuni moja ina thamani kubwa kuliko nyingi. Askari wa zamani ambaye bado hajakusanya vyeti vyake anaweza kuwasilisha taarifa ya nia ya kudai, na akikamilisha dai ndani ya mwaka mmoja, fidia ikikubaliwa inaweza kuhesabiwa tangu siku ya taarifa hiyo. Akiwasilisha dai ndani ya mwaka mmoja tangu kuondoka jeshini, haki yake inaweza kuhesabiwa tangu siku inayofuata kuondoka kwake. Vyama kama American Legion na Disabled American Veterans vina watumishi walioidhinishwa wanaosaidia kuandaa madai bila malipo, na sheria hairuhusu mtu yeyote kutoza ada kwa kuandaa dai la mara ya kwanza. Aliye katika dhiki ya nafsi, au ndugu anayemhofia, anaweza kupiga simu namba 988 kisha kubonyeza 1 saa yoyote, na tangu Januari 2023 askari wa zamani aliye katika hatari ya kujiua, hata kama hakuwa amejiandikisha, anaweza kutibiwa kwa dharura bila malipo katika hospitali ya Idara au nyingine yoyote.

Kanuni mbili kati ya hizo, ya taarifa ya nia na ya dharura ya afya ya akili, zinathibitisha kwamba serikali inaweza ikitaka kuanza kuhesabu pale haja ya mtu inapoanza. Kinachobaki ni kuifanya hesabu hiyo kuwa kanuni ya mfumo mzima. Muda wa miadi uhesabiwe tangu siku mgonjwa alipoomba, hata akipelekwa hospitali binafsi. Takwimu zake zitangazwe na zikaguliwe na watu wasiopata bonasi kutokana nazo. Na pale serikali yenyewe ilipomweka askari katika moshi au sumu bila kuandika kumbukumbu, mzigo wa kuthibitisha usiwe wa mgonjwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwa aliyerudi kutoka vitani akiwa na saratani, huchukua uhai. Wabunge wanaopiga kura ya kuwapeleka vijana vitani wanapaswa, katika kikao hicho hicho, kupiga kura ya fedha za madaktari watakaowapokea wakirudi, na familia za askari hao zina haki ya kuwauliza kila mwaka, kwa sauti na bila woga, foleni ina watu wangapi na wa kwanza wao amengoja tangu lini.